Kusoma Uchakavu wa Sarafu: Somo la Kwanza kwa Mkusanyaji Mpya

Malalamiko kuhusu sarafu za kale yanayofikishwa kwetu si mengi, lakini hufanana sana. Mnunuzi ameuziwa sarafu kwa maelezo kwamba ni nzuri sana. Baada ya wiki mbili mtu mwenye ujuzi anaitazama na kumwambia kwamba imechakaa. Au, kinyume chake, mrithi ameuza kopo zima la sarafu za marehemu babu yake kwa bei ya uzito wa madini, kisha akagundua kuwa chache kati ya hizo zilistahili bei nyingine kabisa. Katika hali zote mbili upande mmoja ulijua kusoma daraja la sarafu na upande wa pili haukujua. Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili ya upande wa pili.

Tuanze na tukio lililotufundisha jambo. Mama mmoja wa makamo alifika ofisini akiwa na rupia mbili za Kijerumani za mwaka 1910 alizorithi, zimefungwa ndani ya kitambaa. Moja ilikuwa na weusi, na moja iling'aa kama kijiko kipya. Alikuja kulalamika kwamba mnunuzi alimpunja: ile nyeusi alikubali kuinunua kwa bei nzuri, ile inayong'aa akaitolea bei ndogo. "Mwanangu," alimwambia mwenzetu, "hii nimeisugua mwenyewe kwa majivu na ndimu siku nzima ili ipendeze. Mbona chafu ndiyo iwe ghali?" Tulizitazama zote mbili chini ya taa. Kwenye ile nyeusi, manyoya ya tai aliye juu ya kofia ya mfalme yalihesabika. Kwenye ile iliyosuguliwa, uso wote ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja, na manyoya ya tai yalikuwa yamelainika. Mnunuzi hakuwa amempunja. Ilitubidi tumweleze ukweli huo, na haikuwa kazi rahisi.

Daraja ni nini

Daraja la sarafu ni kauli kuhusu hali yake: imebakiza kiasi gani cha sura iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Daraja halielezi umri wa sarafu, wala uhaba wake, wala madini yake, ingawa mambo hayo yote huingia katika bei. Sarafu mbili za mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja na zenye uzito mmoja, zaweza kutofautiana bei mara kadhaa kwa sababu ya daraja peke yake. Ndiyo maana muuzaji anapotamka daraja, kwa hakika anatamka bei. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeuza, mnunuzi hana budi kuwa na jicho lake.

Mizani inayotumika zaidi duniani leo ni ya namba, kuanzia 1 hadi 70. Iliasisiwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon, ambaye aliikusudia kwa senti kubwa za shaba za Marekani ya zamani, kisha ikaenezwa kwa sarafu nyingine. Mkusanyaji mpya hahitaji kuzikariri namba zote sabini. Anahitaji kuzijua hatua chache na herufi zinazoambatana nazo, kwa kuwa atazikuta katika orodha za bei na katika matangazo.

Hapa upo mtego ambao umewanasa wengi, nao ni mtego wa lugha. Herufi G ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "nzuri". Katika biashara hii, hata hivyo, sarafu yenye daraja la G imechakaa sana: umbo la jumla linaonekana, mwaka unasomeka, lakini karibu undani wote umekwisha. VG, ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni "nzuri sana", bado ni sarafu iliyochakaa. F, yenye maana ya "safi" au "bora", ni sarafu ambayo mikono imeitumia kwa miaka mingi, ingawa mistari mikubwa imebaki. Katika VF undani mwingi upo na uchakavu umegusa sehemu zilizonyanyuka. Katika EF, ambayo Wamarekani huiandika XF, uchakavu ni mdogo na upo kwenye ncha za juu tu. AU ni sarafu iliyokaribia kuwa mpya, yenye msuguano kidogo mno. MS, inayoanzia namba 60, ni sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu kama pesa.

Kwa hiyo muuzaji anayemwambia mteja kwa Kiswahili kwamba sarafu "ni nzuri sana", huku moyoni akimaanisha VG, hajasema uongo kwa lugha ya kitabu chake, lakini mteja amesikia jambo lingine. Tunashauri mnunuzi asikubali sifa ya mdomo. Aulize herufi, au namba, na aiandike. Wanaonunua rupia na heller kutoka Ujerumani wajue pia kwamba wauzaji wa huko wana vifupisho vyao: "ss" hukaribiana na VF, na "vz" hukaribiana na EF.

Sarafu ya kujifunzia

Watu wengi huanza kujifunza kwa kununua sarafu ya gharama. Sisi tunapendekeza kinyume chake. Zitafutwe shilingi kumi au kumi na tano za Afrika Mashariki za miaka ya 1948 hadi 1952, zile zenye kichwa cha Mfalme George VI upande mmoja na simba mbele ya milima upande wa pili. Ni za shaba iliyochanganywa na nikeli, hazina fedha ndani yake, na zilizochakaa hupatikana kwa bei ndogo. Kosa litakalofanyika hapo halitaumiza mfuko wa mtu.

Vifaa ni vichache. Meza itandikwe kitambaa laini, ili sarafu ikianguka isiumie. Iwepo taa moja tu yenye mwanga mkali, kwa kuwa mwanga wa pande nyingi huficha mikwaruzo. Kioo cha kukuzia cha mara tano hadi kumi kinatosha. Chenye nguvu zaidi humfanya mgeni aone dosari kila mahali na kukata tamaa. Sarafu ishikwe kwa kingo zake, kati ya kidole gumba na cha shahada, kamwe si kwa kugusa nyuso zake, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama ambayo baada ya miezi kadhaa huwa doa la kudumu.

Kisha shilingi zote zipangwe mezani upande wa simba na kutazamwa pamoja. Uchakavu hauli sarafu sawasawa. Huanzia sehemu zilizonyanyuka zaidi, kwa kuwa ndizo zinazogusa mfuko, kaunta na sarafu nyingine. Kwa simba huyu, sehemu hizo ni manyoya ya shingoni, bega na paja. Katika shilingi iliyochakaa sana simba amebaki kivuli: mwili wake ni bapa moja, na mtu hawezi kusema manyoya yanaishia wapi na bega linaanzia wapi. Katika ile ya kati, mpaka wa manyoya upo lakini nywele zimeungana. Katika ile bora, nywele zimetengana na misuli ya paja ina kina. Upande wa mfalme zitazamwe nyusi, na nywele zilizo juu ya sikio.

Zoezi lenyewe ni hili: zipange kuanzia iliyochakaa zaidi hadi iliyobaki bora, bila kutaja daraja lolote. Andika mpangilio huo, zichanganye, na kesho yake zipange tena bila kutazama karatasi. Ikiwa mipangilio miwili inatofautiana sana, jicho bado halijatulia, na hilo ni la kawaida kabisa. Sisi wenyewe, tulipokuwa tukiandaa somo hili, tulipanga shilingi kumi na mbili mara tatu na kubishana kuhusu mbili kati yake hadi saa ya kufunga ofisi. Mpangilio ukishakuwa imara ndipo herufi za daraja ziongezwe, kwa kulinganisha na picha za orodha ya kuaminika. Anayeanza na herufi kabla ya macho hujifunza kubahatisha.

Senti kumi za shaba zenye tundu katikati ni somo zuri la pili. Hazina sura ya mfalme. Zina taji juu ya tundu upande mmoja, na pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu upande mwingine. Kwa kuwa hakuna uso wa mtu wa kuvutia jicho, mwanafunzi hulazimika kutazama mistari ya taji na migongo ya pembe. Wakati akizipanga, asome pia majina. Ya mwaka 1936 yanaweza kuwa ya Edward VIII, mfalme ambaye hakutimiza hata mwaka mmoja katika kiti chake, lakini ambaye jina lake lilipigwa kwenye senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki.

Mambo yanayolipotosha jicho

Si kila ubapa ni uchakavu. Wakati mwingine mhuri wa kiwandani haukushuka kwa nguvu ya kutosha, na sehemu fulani ya mchongo haikujaa tangu siku ya kwanza. Namna ya kutofautisha ni kutazama mng'ao. Sarafu mpya ina mng'ao unaotembea: ukiipindapinda polepole chini ya taa, mistari ya mwanga huzunguka juu yake kama mianzi ya gurudumu. Mng'ao huo hutokana na mikunjo midogo mno ya madini yaliyotawanyika chini ya mhuri, nao hufutika palipoguswa. Kama sehemu iliyo bapa bado ina mng'ao huo, kosa ni la kiwanda. Kama imefifia na rangi yake imekuwa tofauti na uwanja unaoizunguka, huo ni msuguano.

Vivyo hivyo mipigo midogo ya sarafu kwa sarafu, inayotokea ndani ya magunia ya benki, si uchakavu. Sarafu ya MS yaweza kuwa na mipigo mingi, na ndiyo maana daraja hilo lina namba kumi na moja, kuanzia 60 hadi 70. Kwa mkusanyaji mpya tofauti kati ya namba hizo za juu ni ndogo mno kwa macho na kubwa mno kwa bei. Maoni yetu ni kwamba asinunue hapo katika mwaka wake wa kwanza.

Mwaka uliopigwa kwenye sarafu nao hupotosha. Mfano mkubwa katika pwani yetu ni reale ya Maria Theresa, ile ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, iliyotumika Unguja, Omani na hadi Uhabeshi. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa katika nchi mbalimbali, daima ikiandikwa 1780. Iliyotoka kiwandani katika karne ya ishirini ina tarehe ileile na iliyotoka wakati wa mababu wa mababu zetu. Anayeuza reale kwa kigezo kwamba "ina zaidi ya miaka mia mbili" kwa kuwa imeandikwa hivyo, ama hajui au anategemea mnunuzi asijue.

Madini yana mtego wake pia. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia mwaka 1921 hadi 1946 huitwa za fedha, na mara nyingine huuzwa kama fedha tupu. Fedha iliyomo ni sehemu 250 katika 1,000, yaani robo. Kwa shilingi yenye uzito wa takribani gramu 7.8, fedha halisi haifiki gramu 2. Rupia ya Kijerumani ni jambo lingine: uzito wake ni gramu 11.66, na fedha ni sehemu 917 katika 1,000. Anayeuziwa kwa bei ya madini afanye hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Mikono inayosafisha

Tunarudi kwa yule mama, kwa kuwa kosa lake ndilo linalotokea zaidi na ndilo lisilo na dawa. Majivu, ndimu, dawa ya meno, mchanga laini, kitambaa cha kung'arishia vyombo: vyote hivi huondoa weusi kwa kuondoa tabaka la juu la madini lenyewe. Pamoja na weusi huondoka mng'ao wa kiwandani, na kinachobaki ni mng'ao mwingine, uliotulia, usiotembea chini ya taa. Chini ya kioo huonekana nywele za mikwaruzo. Mkusanyaji mzoefu huliona jambo hilo mara moja, na makampuni yanayopima madaraja hukataa kuipa sarafu ya namna hiyo daraja la kawaida.

Weusi juu ya fedha na kahawia juu ya shaba ni ngozi ya umri, na mara nyingi huongeza thamani. Kinachopaswa kuogopwa ni ukoga wa kijani unaokula shaba, hasa kwa wanaoishi pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi. Sarafu zihifadhiwe mahali pakavu, katika bahasha za karatasi isiyo na asidi au vibweta vigumu. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali iepukwe. Plastiki hiyo huvuja majimaji yanayonata na kugeuza uso wa sarafu kuwa kijani. Kama sarafu ina vumbi tu, iachwe ilivyo.

Zitazamwe pia alama za usonara. Bibi zetu walivaa rupia na reale kama vidani, na nyingi zilitobolewa au kuunganishwa pete. Tundu lililozibwa kwa ustadi huonekana kama kiraka chenye rangi tofauti, na alama ya risasi ya kuunganishia hubaki kwenye ukingo. Sarafu hizo zina historia yake na yeyote anayezipenda anunue bila aibu, lakini kwa bei ya sarafu iliyotobolewa.

Kabla ya kutoa pesa

Kadiri sarafu inavyokuwa ghali ndivyo bandia zinavyoongezeka. Dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, ikiwa na tembo upande mmoja, ilitoka kwa idadi ya elfu kumi na sita na ushei tu, na sifa yake imezaa nakala nyingi. Mnunuzi mpya asiiguse bila kuipeleka kwanza kwa mtu asiye na maslahi katika mauzo. Kwa sarafu za kawaida, mizani ya sonara inatosha kugundua bandia nyingi: uzito ukipungua au kuzidi kupita kiasi, maswali yaanze. Sumaku isivute fedha, dhahabu, wala shaba yenye nikeli. Ukingo usiwe na mshono, kwa kuwa mshono ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Reale halisi ina maandishi yaliyonyanyuka kwenye ukingo. Ikiwa ukingo ni mtupu, hiyo si reale.

Sarafu iliyofungwa katika kasha gumu la plastiki na kampuni ya kupima madaraja, kama PCGS iliyoanza mwaka 1986 au NGC iliyoanza 1987, hutoa kinga fulani. Si kinga kamili. Yapo makasha ya kughushi, kwa hiyo namba iliyo kwenye lebo ihakikiwe kwa kampuni yenyewe, na sarafu iliyo ndani ilinganishwe na picha yao pale inapokuwapo. Hata kasha likiwa halali, macho ya mnunuzi hayana likizo.

Zipo pia sarafu ambazo hazipaswi kununuliwa kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vipande vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa, vinavyookotwa kwenye magofu na fukwe, vimo katika ulinzi huo. Anayeviokota avipeleke kwa wahusika wa mambo ya kale. Anayeuziwa kwa siri aelewe kwamba usiri huo una sababu.

Mwisho ni karatasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, lakini mlalamikaji asiye na maandishi hubaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji. Hiyo ndiyo hali ya wengi wanaofika kwetu: stakabadhi imeandikwa "sarafu moja ya kale" na kiasi kilicholipwa, basi. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuandika zaidi. Ombeni stakabadhi iandikwe kwa namna hii: "Shilingi moja ya Afrika Mashariki, mwaka 1952, herufi H, daraja VF, haijasafishwa wala kutobolewa, mnunuzi anaruhusiwa kuirudisha ndani ya siku kumi na nne iwapo maelezo haya si sahihi." Pigeni picha za pande zote mbili mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, kabla sarafu haijaingia mfukoni. Akisita kuandika daraja alilokuwa akilitamka kwa mdomo dakika tano zilizopita, rudisheni sarafu mezani.